Kama ningempa antibayotiki siku ya kwanza ya mafua, asingepata nimonia?

Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na mafua na homa. Zahanati walipima malaria hakuna, wakasema ni virusi, wakatupa parasetamo tukarudi nyumbani. Siku ya nne akachangamka, akawa anacheza na wenzake. Usiku wa siku ya saba homa ikapanda upya, akawa anahema harakaharaka. Hospitali wakasema ni nimonia ya bakteria, akalazwa, akachomwa sindano, na sasa namshukuru Mungu amepona. Shemeji yangu anasema kosa ni langu, ningenunua antibayotiki dukani siku ile ya kwanza mtoto asingelazwa. Amenionyesha na video inayosema mapafu ya kila mtu yamejaa bakteria wanaosubiri virusi viingie. Ni kweli? Na mdogo wake wa wiki nane naye ana mafua mepesi yasiyoisha, kwa hiyo sikumpeleka chanjo ya wiki ya sita. Nifanye nini?"

Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Hukukosea. Naliweka hili mbele kabla ya sayansi yoyote, kwa sababu mtoto akilazwa mama ndiye anayehesabiwa makosa, na maneno ya ndugu hukaa moyoni hata mtoto akishapona. Siku ya kwanza mwanao alikuwa na ugonjwa wa virusi, akapewa alichohitaji. Siku ya saba alikuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na wewe ukamwahisha hospitali usiku uleule. Mara zote mbili ulifanya lililopaswa kufanywa.

Hata hivyo shemeji yako ameshika uzi wa kweli. Kwenye njia ya hewa, bakteria na virusi hawaishi kila mmoja kivyake. Wanasaidiana, wanazuiana, na mara nyingi ukali wa ugonjwa unatokana na wote wawili. Ukilijua hilo nusu, unakimbilia dukani kununua kapsuli. Ukilijua lote, unaona kwa nini kapsuli ya siku ya kwanza haisaidii, na pengine inaharibu. Kwa hiyo naomba uvumilivu wako, nitaeleza kwa urefu.

Nianze na ile video. Mapafu hayajajaa bakteria, ila wamo. Tuliosoma udaktari zamani tulifundishwa kwamba mapafu ya mtu mwenye afya hayana bakteria kabisa, na fikra hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mradi mkubwa wa Marekani wa kuchunguza vijidudu wa mwilini, ulioanza 2007, haukuyaweka mapafu kwenye orodha yake ya mwanzo. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wa bakteria hao hawaoti kirahisi kwenye sahani za maabara. Walipoanza kutafutwa kwa kusoma vinasaba vyao, wakaonekana. Mwaka 2010 watafiti wa London walichapisha matokeo yaliyoonyesha bakteria kwenye njia ya hewa ya watu wenye pumu na ya watu wenye afya pia, huku mchanganyiko wao ukitofautiana kati ya makundi hayo.

Wanafikaje huko? Kwa mate. Mtu akilala, kiasi kidogo sana cha mate hupenya kwenye bomba la hewa bila yeye hata kukohoa. Ndiyo maana bakteria wanaokutwa mapafuni mwa mtu mwenye afya ni walewale wa mdomoni: prevotela, vailonela, na streptokokasi wapole. Ni wachache mno ukilinganisha na wa utumboni, na hawapati nafasi ya kujenga makazi, kwa sababu ute na vinyweleo vya njia ya hewa vinawasukuma juu, kikohozi kinawatoa, na seli walaji za kwenye vifuko vya hewa zinawameza waliobaki. Kila siku wanaingia na kila siku wanaondolewa. Hakuna jeshi lililojificha humo likisubiri amri.

Wale wa kuogopwa huanzia juu zaidi, nyuma ya pua. Mkubwa wao ni nimokokasi. Watoto wadogo ndio wanaombeba zaidi: humpata kwa watoto wenzao, hukaa naye wiki kadhaa, kisha huondoka bila mtu yeyote nyumbani kujua. Wenzake ni hemofilasi na stafilokokasi. Kubeba siyo kuumwa. Ukichukua kohozi la mgonjwa ambaye nimokokasi ameshashuka mapafuni, ukalipaka kwenye kioo, ukalitia rangi za Gram na kulitazama kwa darubini, utaona vidoti vya zambarau vimekaa viwili viwili, vimechongoka nchani, vimezungukwa na chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana navyo. Bakteria huyohuyo juma moja kabla alikuwa ametulia puani kwa mtoto anayekula ubwabwa na kucheza vizuri. Swali la maana ni hili: nini kilimshusha?

Watu wa fani yetu wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alikuta bakteria mdogo kwenye makohozi ya wagonjwa wa influenza, yaani mafua makali, akaamini kwamba ndiye chanzo cha ugonjwa. Hakuwa chanzo, lakini jina alilobakiza ndilo tunalolitumia hadi leo: Haemophilus influenzae, ndiye yule hemofilasi niliyemtaja. Mwaka 1931 Richard Shope wa Marekani alichunguza mafua ya nguruwe akaona jambo la ajabu. Aliyeambukizwa kirusi peke yake aliumwa kidogo. Aliyepewa bakteria wa jamii ya hemofilasi peke yake karibu hakuumwa. Aliyepewa vyote viwili aliumwa vibaya, kama nguruwe wa mashambani walivyokuwa wakiumwa na kufa. Miaka miwili baadaye, 1933, kirusi cha influenza ya binadamu nacho kikapatikana London.

Kisha kuna ile homa kuu ya influenza ya 1918, iliyoua makumi ya mamilioni duniani na kufika mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Watu wengi wanadhani kirusi chenyewe kiliwaua wote. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Marekani, David Morens, Jeffery Taubenberger na Anthony Fauci, walitazama upya vipande vya mapafu vya watu 58 waliokufa wakati ule, wakapitia na ripoti za uchunguzi wa maiti zaidi ya 8,000. Wengi wa marehemu wale walikuwa na nimonia ya bakteria, na bakteria wenyewe ni haohao wanaoishi puani na kooni mwa watu. Antibayotiki hazikuwepo bado. Kirusi kilifungua njia, bakteria wakamaliza kazi.

Sasa tuingie ndani ya kifua cha mwanao. Nitatumia mfano wa influenza kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi, lakini RSV (kirusi kinachoshambulia njia ya hewa, hasa ya watoto wachanga), virusi vya mafua ya kawaida na surua navyo vina njia zao za kufanya jambo hilohilo.

Kirusi kinapoingia kwenye seli za njia ya hewa kinaziua, na seli hizo ndizo zenye vile vinyweleo vinavyosukuma ute. Zikifa, ute unatuama, na mate yanayopenya usiku hayaondolewi tena. Hilo ni la kwanza, nalo ni rahisi kulielewa. La pili ni la ndani zaidi. Uso wa seli zetu umefunikwa na sukari iitwayo asidi ya siali. Influenza huishika sukari hiyo ili kuingia, na watoto wa kirusi wanapotaka kutoka huikata kwa kimeng'enya chao ili wasinase. Ni sawa na mwizi anayekata wavu wa dirisha ili atoroke: yeye ameshaenda zake, lakini usiku huo mbu wote wa mtaa wanaingia. Sukari ikishakatwa, sehemu ambazo nimokokasi hupenda kujishika zinabaki wazi. Na ile sukari iliyokatwa haipotei bure. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwa panya kwamba nimokokasi wa puani huila na kuongezeka.

La tatu linahusu ulinzi wa mwili. Mwili ukipambana na virusi hutoa kemikali za tahadhari ziitwazo intaferoni. Ni silaha nzuri dhidi ya virusi, ila zina gharama: kwa siku kadhaa zile seli walaji za kwenye vifuko vya hewa hulegea katika kumeza bakteria, na chembe nyeupe za damu hazifiki kwa wingi unaotakiwa. Kwa panya walioambukizwa influenza, udhaifu huu hufika kileleni karibu siku ya saba, wakati kirusi chenyewe kimeanza kupungua na mnyama anaelekea kupona.

Rudi sasa kwenye maneno yako mwenyewe: siku ya nne alichangamka, siku ya saba usiku homa ikarudi. Umeielezea hali hiyo vizuri kuliko vitabu vingi. Homa inayoshuka, mtoto akapata nafuu, kisha ikapanda tena na pumzi kwenda mbio, ndiyo sura ya bakteria aliyeingia nyuma ya virusi. Na ndiyo maana siku ya kwanza daktari yeyote angekitazama kifua chake asione nimonia, kwa sababu haikuwepo.

Mpaka hapo nimesema jinsi virusi vinavyowafungulia njia bakteria. Kuna upande wa pili ambao video yako haikuugusa, na kwangu mimi ndio unaovutia zaidi: bakteria nao wanaweza kukitia kirusi nguvu. Kirusi cha influenza kinapozaliwa hakiko tayari kuambukiza. Protini yake ya kujishikia lazima kwanza ikatwe mahali maalumu, na kwa kawaida vimeng'enya vya njia yetu ya hewa ndivyo vinavyoikata. Mwaka 1987 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba aina fulani za stafilokokasi hutoa kimeng'enya kinachoweza kuikata protini hiyo, na panya waliopewa vyote viwili walizalisha virusi zaidi na kuumwa zaidi. Hemofilasi naye ana lake. Maabara imeonyesha kwamba akizoeleka kwenye seli za njia ya hewa, seli hizo huongeza vile vishikizi ambavyo virusi vya mafua ya kawaida hutumia kuingilia. Na kwa watoto wachanga wenye RSV, uchunguzi uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba wale ambao pua zao zilitawaliwa na hemofilasi au streptokokasi ndio waliokuwa na ugonjwa mkali zaidi.

Ukiniuliza ushahidi upi unanishawishi kuliko yote, sitakupeleka kwenye panya. Nitakupeleka Soweto, Afrika Kusini. Huko watoto zaidi ya 37,000 waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya nimokokasi, wengine wakipewa chanjo na wengine wakipewa kitu kisicho na dawa ndani. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watoto waliochanjwa walilazwa kwa nimonia zenye virusi pungufu kwa 31%. Tafakari hapo, mama. Chanjo ile haigusi kirusi chochote. Inamlenga bakteria tu. Lakini bakteria alipoondolewa kwenye hesabu, karibu theluthi moja ya kulazwa kwa nimonia zilizokuwa na virusi ikaondoka naye. Maana yake nyingi ya nimonia tulizokuwa tukiziandika "za virusi" zilikuwa za wawili.

Hapo ndipo shemeji yako atasema: basi si ningekuwa sahihi, tuwaue hao bakteria mapema kwa dawa? Hapana, na sababu ziko kadhaa.

Antibayotiki haichagui. Inawaua wale wabaya walio nyuma ya pua, ikiwafikia, na inawaua wapole wa mdomoni na wa tumboni. Na wale wapole wana kazi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa panya antibayotiki kwanza, kisha wakawaambukiza influenza puani. Panya wale walitengeneza kinga hafifu na virusi vikaongezeka mapafuni mwao, kwa kuwa bakteria wa tumboni ndio waliokuwa wakiuweka mwili katika hali ya tahadhari. Jaribio jingine, la 2022, lilionyesha kwamba prevotela, yule bakteria wa mdomoni anayeteremka na mate, akiwa kwenye mapafu ya panya huziamsha chembe nyeupe za damu, na nimokokasi akiingia anaondolewa haraka. Hata stafilokokasi mpole wa puani, yule wa kwenye ngozi, amewahi kuonekana kwa panya akichochea intaferoni inayozuia influenza. Haya ni ya panya na nayataja kama ya panya. Lakini yanatosha kunifanya nisimsafishe mtoto bakteria wake wote katika wiki ileile anayopambana na virusi.

Ushahidi wa kwa watu nao upo, na unajibu hasa hoja ya shemeji. Uingereza, mwaka 2007, zilichapishwa kumbukumbu za wagonjwa wa mafua, koo na masikio, zaidi ya matukio milioni tatu. Ili kuzuia tatizo kubwa moja tu baada ya mafua, ilibidi watu zaidi ya 4,000 wapewe antibayotiki. Sasa fikiria watoto 4,000 wa Temeke wakimeza dozi: wangapi wataharisha, wangapi wataota vipele, na bakteria wangapi watajifunza kuishinda dawa hiyo ili siku mtoto anapoihitaji kweli isifanye kazi. Hata wakati wa UVIKO-19 tuliliona jambo hili. Tafiti zilizokusanywa 2020 zilionyesha kwamba karibu 3.5% tu ya wagonjwa walifika hospitali wakiwa tayari na maambukizi ya bakteria, lakini zaidi ya 70% walipewa antibayotiki.

Na hapa kwetu? Mwaka 2008 watoto 1,005 chini ya miaka kumi, waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa, walichunguzwa kwa vipimo vingi ambavyo zahanati ya kawaida haina. Zaidi ya 60% walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya hao ni 5% tu ambao picha ya kifua ilithibitisha nimonia. Kwa jumla karibu watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati yako alipomtazama mwanao na kusema ni virusi, alikuwa anasema jambo lenye uwezekano mkubwa kuliko jingine lolote. Jaribio jingine lililofanyika katika vituo vya afya vya jiji hili na kuchapishwa 2017 lilikuta kwamba kwa utaratibu wa kawaida karibu watoto 95 kati ya 100 wenye homa walitoka na antibayotiki mkononi. Pale waganga walipotumia mwongozo wa kwenye kompyuta ndogo pamoja na vipimo vya damu vya papo hapo, waliopewa dawa walishuka hadi takriban 11 kati ya 100. Watoto hawakudhurika. Ambao hawakuwa wamepona kufikia siku ya saba walikuwa wachache zaidi kuliko chini ya utaratibu wa kawaida.

Sizungumzi habari ya dukani kwa dharau. Najua foleni za hospitali, najua nauli, najua mtu anayeuza mpaka saa nne usiku anasaidia wengi. Lakini nimewaona wazazi waliouziwa kapsuli nne za rangi mbili, wakazifungua na kumwaga unga kwenye kijiko cha uji wakikadiria kwa macho. Dozi ya namna hiyo haimwondoi nimokokasi. Inamfundisha.

Kwa hiyo mafua yakirudi tena nyumbani kwako, na yatarudi kwa sababu mtoto wa umri huo hupata mafua mara nyingi kwa mwaka, kazi yako kubwa ni kuangalia pumzi. Mvue shati akiwa ametulia au amelala, mwanga uwe wa kutosha, weka saa ya simu dakika moja kamili, na hesabu kila tumbo na kifua vinapopanda. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, na usihesabu akiwa analia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Kwa wa miezi miwili mpaka kumi na moja, ni 50 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua chote kinapanda. Mwenye nimonia kali akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwenda ndani. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Vilevile usingoje kama hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Na homa iliyoondoka ikarudi, kama ilivyokuwa kwa mwanao, mrudishe kituoni siku hiyohiyo hata kama mlitoka hapo juzi. Waambie wazi: "alipata nafuu, kisha homa imerudi." Sentensi hiyo inambadilishia mganga mawazo.

Akikutwa na nimonia, hapo antibayotiki ni dawa ya kuokoa maisha na sitaki uiogope. Amoksilini ya watoto, ile tembe inayoyeyuka kwenye maji, kwa kipimo cha uzito wake na kwa siku zote alizoandikiwa. Kwa mafua yenyewe mpe vinywaji vingi, parasetamo kwa homa, na asali kidogo kwa kikohozi maadamu ameshavuka mwaka mmoja. Nyungu usimfanyie mtoto mdogo. Wodini tunapokea walioungua kwa maji ya moto. Jiko la mkaa litoe nje ya chumba wanacholala, maana moshi unafanya kwa vinyweleo vya njia ya hewa kazi ileile anayoifanya kirusi.

Shemeji yako mwambie kwa upole kwamba jambo ambalo lingepunguza uwezekano wa kulazwa kule ni chanjo, na ilipaswa kutolewa muda mrefu kabla ya mafua yale. Tazama kadi ya kliniki ya mkubwa kama dozi zake zote tatu za PCV13, yaani chanjo ya nimokokasi, zimeandikwa. Kama zimo, bado angeweza kuugua, kwa sababu nimokokasi wako wa aina zaidi ya 90 na chanjo hii inakinga dhidi ya aina 13, tena kuna stafilokokasi na wengine ambao haiwagusi kabisa. Lakini aina hizo 13 zilichaguliwa kwa kuwa ni miongoni mwa zinazosababisha magonjwa makali zaidi kwa watoto.

Sasa huyu mdogo, ambaye ndiye ananipa wasiwasi zaidi. Kwa umri wake homa yoyote, kushindwa kunyonya, au pumzi 60 na zaidi kwa dakika kabla hajatimiza miezi miwili, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Akishatimiza miezi miwili tumia ile hesabu ya 50. Mbali na hayo, kama ananyonya vizuri, hana homa na ni pua tu inayotiririka, mafua mepesi si sababu ya kuahirisha chanjo. Endelea kumnyonyesha na mzuie kaka yake asimkoholee usoni. Chanjo ya nimokokasi imo katika ratiba yetu ya taifa tangu 2013, inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Siku hiyohiyo atapata pentavalenti, ambayo tangu 2009 inawakinga watoto wetu pia dhidi ya hemofilasi aina b. Mpeleke Jumatatu asubuhi na kadi yake. Mwambie muuguzi kwamba ya wiki ya sita haikutolewa, ili ahesabu upya tarehe za dozi zinazofuata, ambazo lazima ziachane kwa wiki nne au zaidi.